Umemaliza wa kwanza? Ngoja farasi apimwe moyo

Hebu fikiria: umempanda farasi kilomita 160 kwa siku moja, karibu marathoni nne, na umevuka utepe mbele ya wote. Tulia kwanza, usirushe mikono. Kwenye mbio za farasi za masafa marefu, daktari wa mifugo ndiye mwenye neno la mwisho. Mapigo ya moyo yakikataa kushuka, kwa kawaida hadi 64 kwa dakika, au farasi akichechemea, umetolewa. Hakuna cha kubembeleza.

Kule California, mbio za Tevis Cup, zilizoanza 1955, zina kombe la pili, Haggin Cup. Hilo hupewa farasi aliye katika hali nzuri zaidi kati ya kumi wa kwanza. Si lazima awe mshindi.

Sasa nenda Milki za Kiarabu. Njia ya jangwani ni tambarare, wapanda farasi wanachapa mwendo tu. Mwaka 2015 farasi Splitters Creek Bundy alivunjika miguu yote miwili ya mbele, akauawa palepale. Picha ilisambaa, na shirikisho la kimataifa, FEI, likaisimamisha nchi hiyo. Ikarudishwa miezi michache baadaye. Mwaka 2020? Ikasimamishwa tena.