Ukija Mombasa, jistiri upoe

Likizo ya Desemba ikiwadia, treni za kutoka Nairobi hujaa wageni, na wanaposhuka kituo cha Miritini utawatambua kwa mavazi tu. Wapo waliokuja na jaketi la asubuhi ya bara na jinzi iliyowabana mapajani. Wapo pia walioanza kuvua njiani, wakafika na kaptura fupi na fulana isiyo na mikono, wakiamini kwamba dawa ya joto ni kupunguza nguo. Wote hao wataipata taabu kabla ya adhuhuri.

Msimu wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto la mchana Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na usiku halishuki sana chini ya 24. Hata hivyo kinachomchosha mgeni zaidi ni unyevu. Bara jasho hukauka upesi na kuuacha mwili umepoa. Huku hewa imeshiba maji ya bahari, jasho halina pa kwenda, linatiririka tu. Nguo ya kubana hulizuia hapo hapo mwilini, na vitambaa vya nailoni na polista huzidisha fukuto. Jinzi ukiifua jioni, asubuhi bado ni mbichi.

Watu wa pwani wamelijua joto hili tangu jadi, na mavazi yao yanasema hivyo. Kanzu, kikoi, dera, leso: zote ni pana, nyepesi, na upepo hupita ndani yake. Nguo pana hukinga ngozi na jua huku ikiacha nafasi ya hewa kati yake na mwili. Nalisisitiza hili kwa sababu wageni wengi huona kujistiri Mombasa kama kafara, eti waumie kwa joto ili kuwaridhisha wenyeji. Vazi linalokupa heshima Mji wa Kale ndilo hilo hilo litakalokupoza. Ukitoka Fort Jesus ukaingia vichochoro vya Ndia Kuu, unapita milangoni mwa watu, misikitini, na mbele ya watoto wanaokwenda chuoni kusoma. Funika mabega na magoti. Mwanamume naye, kifua wazi akiache ufuoni. Watu hawatakufukuza ukivaa vingine, lakini utaona wazee wakiinamisha macho, na mazungumzo uliyotarajia kuyapata barazani hayatakuja.

Kwa hiyo begi lisiwe kubwa. Mashati mawili matatu ya pamba, suruali nyepesi au sketi ndefu, nguo za ndani za pamba za kutosha kwa sababu utabadilisha zaidi ya mara moja kwa siku, na nguo ya kuogelea. Sweta moja inatosha. Baridi pekee utakayokutana nayo ni ya viyoyozi vya treni na mabasi.

Leso usije nayo. Inunue Mtaa wa Biashara, ambako maduka yamepangana na kila moja limezitundika mpaka nje. Huuzwa doti nzima, vipande viwili vilivyoshikana, na muuzaji atakukunjulia moja baada ya nyingine usome jina lake kwanza, maana hakuna avaaye leso bila kujua inasema nini. Ukishalipa, mpelekee fundi mwenye cherehani pale kibarazani. “Nikupindie zote mbili, dadangu?” Atazikata katikati, apinde ncha, na kabla hujamaliza kuzungumza na jirani yako zimekuwa tayari. Kutoka hapo moja ifunge kiunoni juu ya nguo ya kuogelea, ya pili ujitande mabegani upitapo mjini. Usiku hugeuka shuka, ufuoni mkeka, na mtoto akilala utambebea humo. Sijui nguo nyingine inayofanya kazi nyingi hivi na kukauka upesi namna hiyo.

Miguuni, ndara za mpira kwa mvua na mchanga, na viatu vya wazi vya mjini. Kuna jambo wageni hawaambiwi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa mbali sana, na watu hushawishika kutembea hadi mwambani. Huko kuna mawe makali na wanyama wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia nyayoni. Usiende pekupeku, na ndara hazitoshi. Tafuta viatu vya mpira vilivyofunika mguu mzima.

Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta. Mwezi Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita hupita karibu utosini, na kivuli chako unakikanyaga. Kofia pana ni lazima, hata kwa sisi weusi ambao hupenda kusema ngozi zetu hazichomeki. Aprili na Mei ni masika. Hapo beba mwavuli na uache viatu vya ngozi nyumbani, kwani ukungu utavila. Juni hadi Septemba kusi huvuma, hewa hupoa, na kwa mtu anayeogopa joto huo ndio wakati mzuri wa kuja.

Mikono mirefu iwe ya jioni kwa sababu ya mbu wa malaria, lakini kumbuka kwamba mbu wa dengi, ugonjwa ambao umewahi kulipuka Mombasa, huuma mchana. Dawa ya kujipaka usiingojeze magharibi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, basi nguo mbichi zitafutie kikapu cha miyaa sokoni Marikiti. Beba pia mafuta ya nywele na ya ngozi. Sehemu nyingi za mji hutumia maji ya visima yenye chumvi. Sabuni hukataa kutoa povu, na nywele zikioshwa kwa maji hayo siku mbili mfululizo hukauka kama makumbi. Uliza mwenyeji wako kama ana maji matamu, na umwombe ndoo moja ya kujisuuzia mwisho.