Nukta Nundu na Sauti katika Elimu ya Wasioona

Nyenzo zinazomwezesha mtu asiyeona kusoma zimegawanyika katika makundi mawili makuu, yaani zile zinazotegemea ncha za vidole na zile zinazotegemea sikio, na kosa kubwa ambalo jamii inaweza kulifanya ni kudhani kwamba kundi la pili limeliondolea la kwanza umuhimu wake.

Msingi wa kundi la kwanza ni nukta nundu, maandishi ya kupapasa yaliyobuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni na kuchapisha mfumo wake mwaka 1829. Kila herufi huundwa kwa nukta zisizozidi sita, zilizopangwa katika safu mbili za wima: nukta ya kwanza peke yake ni a, ikiongezwa ya pili huwa b, na ya kwanza pamoja na ya tatu huwa k. Mwanafunzi anayetumia kibao na kalamu ya ncha ya chuma huibonyeza karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nundu hujitokeza upande wa pili, na karatasi inapogeuzwa ndipo maandishi husomeka kutoka kushoto. Mashine ya Perkins, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1951, humwondolea adha hiyo, kwa kuwa nundu zake hutokea juu ya karatasi.

Kundi la pili linaongozwa na visoma skrini, yaani programu zinazogeuza maandishi ya kompyuta au simu kuwa sauti. NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure na huja na sauti inayoweza kusoma Kiswahili, ilhali VoiceOver imo ndani ya simu za iPhone tangu mwaka 2009. Hata hivyo, kisoma skrini kinaweza kukwama kinapokutana na ukurasa uliopigwa picha tu, na anayejifunza kwa kusikiliza pekee hapati nafasi ya kujua kama neno huandikwa kwa dh au kwa z, wala aya inaishia wapi.

Kwa sababu hiyo, mtoto asiyeona anastahili kufundishwa njia zote mbili. Sheria tayari imefungua mlango: Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020, unaruhusu taasisi zinazowahudumia wasioona kutengeneza nakala za vitabu kwa nukta nundu au sauti bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki, na kubadilishana nakala hizo na nchi nyingine wanachama. Kilichobaki ni wachapishaji kukabidhi mafaili ya vitabu vya kiada mapema, na serikali kuhakikisha kwamba kila shule inayopokea wanafunzi wasioona ina mwalimu anayezisoma nukta nundu kwa ufasaha, kwa maana haki ya kusoma haikamiliki pale kitabu kinapomfikia mwanafunzi mwaka mzima baada ya wenzake.