Usingizi wa Mchana: Lala Kidogo, Lala Juu

Ndugu wafanyakazi, pamoja na mama na watoto nyumbani, kila mmoja wetu anaujua ule uzito wa macho unaotujia kati ya saa saba na saa tisa mchana. Wengi huulaumu bugali na sombe. Kweli, tumbo lililoshiba huuzidisha, lakini hata asiyekula huusikia: mwili wenyewe hupunguza mwendo saa hizo. Basi mtu mwenye afya akijilaza kidogo wakati wa mapumziko si mvivu, na kapita asimkaripie.

Neno lenyewe ni "kidogo". Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, walitangaza jaribio lao juu ya vijana 24 wenye afya, waliolala saa tano tu usiku. Walilinganisha usingizi wa dakika 5, 10, 20 na 30. Ule wa dakika 10 uliwachangamsha papo hapo, na faida nyingine zikadumu karibu saa mbili na nusu. Wa dakika 30 uliwaacha wazito kwanza, maana usingizi ulikwisha kuzama. Mtu aliyeamka hivyo asishike nyundo wala usukani mara moja. Anawe uso, atembee kidogo.

Kwetu Munigi kuna shauri jingine: mahali pa kulala. Nyiragongo ilipolipuka Januari 17, 2002, ardhi ilipasuka mpaka huku kwetu. Katika nchi hii ya volkano, kaboni dayoksaidi, ile gesi tunayoitoa tukipumua, hutoka ardhini pahali pengine kwa wingi. Ndiyo mazuku. Haionekani, na pua haiwezi kukuonya. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, hivyo hutulia mashimoni kama maji. Aliyesimama, kichwa chake huweza kuwa juu yake. Akijilaza, pua imezama. Aliye macho huumwa kichwa, pumzi zikamwenda mbio, akatoka. Aliyelala hana habari.

Kivuli cha shimo la mawe ni baridi, kinavutia, hasa kwa watoto wachungao mbuzi. Usiku na alfajiri gesi huwa nyingi zaidi, lakini shimo lisilopata upepo huihifadhi hata mchana. Ukiona ndege au mjusi amekufa humo, ondoka. Tafuta kivuli juu, penye upepo (wala si chini ya kamyo!).

Ukimkuta mtu amelala shimoni na haitiki, usiteremke. Ita watu, leteni kamba, mvuteni kutoka juu.