Meza ya Wasiolima: Kiangazi Kando ya Ziwa Edward

Kwetu Butembo, kwenye kimo kipitacho meta 1,700, kiangazi ni majira mepesi. Mwezi wa Juni na wa Julai, na tena Januari na Februari, matope ya njiani hugeuka vumbi, na jioni wazee hujifunika blanketi kwa ajili ya baridi. Lakini chini ya milima yetu, upande wa mashariki, iko nchi nyingine kabisa. Pale ufukoni mwa Ziwa Edward, kimo hakipiti sana meta 900. Milima ya Mitumba na ya Ruwenzori huyapokonya mawingu maji yao, na mvua inayofika bondeni ni chache. Wakati wa kiangazi majani hukauka, ardhi hupasuka, na kivuli huwa mali. Nchi hiyo si jangwa kamili, walakini mtu wa milimani akifika huko adhuhuri hudhani amefika jangwani.

Katika nchi hiyo kuna Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi cha teritwari ya Beni. Ajabu yake ya kwanza, ndugu msomaji, ni hii: kando yake hupaswi kuona shamba. Sehemu ya Kongo ya ziwa hilo imo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Humo sheria imekubali vijiji vitatu vya uvuvi: Kyavinyonge upande wa kaskazini, Vitshumbi upande wa kusini, na Nyakakoma upande wa Rutshuru. Wakazi wake wana ruhusa ya kuvua, bali hawana ruhusa ya kulima wala kukata miti.

Basi, wasiolima hula nini? Hula kama sisi, lakini kwa mkono wa jirani. Unga wa muhogo na wa mahindi, maharagi, ndizi na sombe huteremka kutoka vilima vya Wanande. Mawese hutoka mabonde ya joto ya Beni. Samaki nao hupanda mlima kuja kwetu. Biashara hii ni ya zamani kuliko barabara za magari. Wazee wetu walibeba vyakula wakaenda kubadilishana navyo chumvi ya Katwe, iliyo upande wa Uganda, pamoja na samaki wa ziwani. Hivyo sahani ya bukari na tilapia, inayoliwa jioni Kyavinyonge au Butembo, ni kazi ya mikono miwili: wa mkulima na wa mvuvi. Mmoja akilegea, mwingine hulala na njaa.

Kazi ya ziwani ina saa zake. Jioni mitumbwi hutoka kwenda kutega nyavu, na alfajiri hurudi. Mama na binti hupasua samaki upesi kabla jua halijawa kali, kwa maana katika joto lile samaki haingoji mtu. Wasiouzwa wabichi hutiwa chumvi na kuanikwa, au hukaushwa kwa moshi. Ndege marabu hutembea polepole kati ya watu, wakingojea matumbo ya samaki. Mchana wanaume huketi kivulini na kushona nyavu zilizotatuka. Shida mbili hubaki nyumbani: maji na kuni. Maji ya ziwa yapo tele mlangoni, lakini kuyanywa bila kuyachemsha ni kuialika kolera. Na kuni za kuyachemshia hazipatikani kwa urahisi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ushirika wa wavuvi uliundwa ziwani, na samaki wake wakalisha wafanyakazi wa migodi na wa mashamba makubwa ya Kivu. Siku zile ziwa lilionekana kama ghala lisilo na mwisho. Siri yake ilikuwa viboko. Mnyama huyu hula majani nchi kavu usiku, kisha huacha mavi yake majini. Mavi hayo hurutubisha mimea midogo ya maji, na mimea hiyo ni chakula cha tilapia. Katika miaka ya 1970 viboko wa Hifadhi walikaribia 30,000. Kisha ukaja ujangili, na baadaye vita. Hata mwaka 2005 walihesabiwa chini ya 1,000.

Pamoja na hayo, watu wameongezeka sana. Wengi waliokimbia vita walitafuta riziki majini, na mitumbwi ikapita idadi iliyoruhusiwa. Mbaya zaidi ni nyavu za matundu madogo, zinazokokotwa karibu na ufuko. Tilapia dume huchimba kiota chake katika maji haba, na jike huyatunza mayai na watoto ndani ya kinywa chake. Anayekokota wavu mahali pale hachukui samaki wa leo tu, bali huchukua na wa mwakani.

Watu wengi wakisikia neno maendeleo hufikiria taa, barabara na nyumba za bati. Hayo yote ni mema, na Kyavinyonge inayahitaji, tena inahitaji maji safi kuliko yote. Lakini kijiji kisicho na shamba kina ghala moja tu, nalo ni ziwa. Ghala likifagiliwa, taa itamulika sahani tupu.

Wala tusiwalaumu wavuvi peke yao. Samaki wadogo kama kidole huvuliwa kwa sababu wapo wanunuzi sokoni, na wanunuzi hao ni sisi wa Butembo na Beni. Mama wa nyumba anayekataa kununua samaki mchanga, hata kama bei yake ni ndogo, analinda chungu chake mwenyewe. Wahenga walisema akiba haiozi. Samaki sokoni huoza kwa siku moja. Yule aliyeachwa ziwani akue hakika haozi.