Dopamini na Hamu ya Mtoto ya Kujifunza

Mwalimu anayeanza mazoezi ya kufundisha huweza kukutana na jambo la kumshangaza. Wiki ya kwanza anagawa peremende kwa kila jibu sahihi, na mikono inainuka darasa zima. Wiki ya tatu peremende ni zile zile, lakini mikono imepungua. Na siku peremende zinapokosekana, watoto wananuna kana kwamba wamedhulumiwa. Je, watoto wameharibika? La. Ubongo wao umefanya kazi yake, na hatuna budi kuielewa kazi hiyo.

Dopamini ni nini?

Chembe za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, na mojawapo ni dopamini. Katika miaka ya 1950 Arvid Carlsson wa Uswidi alionyesha kuwa dopamini yenyewe ni mjumbe katika ubongo. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2000. Dopamini husaidia viungo kwenda, na pia huamsha hamu. Wengi huiita kemikali ya raha. Ni sahihi zaidi kusema kwamba huufundisha ubongo jambo lipi lafaa kufuatwa.

Wolfram Schultz na wenzake waliwachunguza tumbili waliopewa matone ya maji ya matunda. Tone lilipokuja bila kutazamiwa, chembe za dopamini ziliamka. Tumbili walipozoea kwamba ishara fulani hutangulia tone, chembe ziliamka kwa ishara, wala si kwa tone lenyewe. Tone lilipotazamiwa likakosekana, utendaji wa chembe ulishuka. Dalili za jambo hilo zimeonekana kwa binadamu pia. Basi, tuzo iliyozoeleka hupoteza nguvu, na ikiondolewa huacha uchungu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa peremende zetu.

Mazoea ya darasani

Mwaka 1973, nchini Marekani, Mark Lepper na wenzake waliwaahidi tuzo watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Baadaye watoto hao walichora kwa hiari kidogo kuliko wale waliopata tuzo bila kuahidiwa, au wasiopata kabisa. Kwa hiyo yafaa sifa ya mwalimu iwe ya kweli, itaje kazi yenyewe, na isije kama kengele ya saa. Tena somo liwe na fumbo: mtoto akisie kama jiwe au kipande cha mti kitaelea, kisha ajaribu mwenyewe. Jibu lisilotazamiwa ni tuzo tosha.

Chakula

Mwili huunda dopamini kutokana na tairosini, iliyomo katika protini ya maharage, samaki, maziwa na mayai. Kimeng'enya kinachoanzisha kazi hiyo huhitaji madini ya chuma. Hatusemi kwamba mayai mengi yataongeza akili. Ubongo wenye afya hujipimia wenyewe. Lakini mtoto mwenye upungufu wa chuma, au aliyekuja bila kula, huweza kusinzia na kutawanyika mawazo. Kabla ya kumwita mvivu, tumwulize amekula nini.

Vileo na tumbaku

Nikotini ya tumbaku na kathinoni ya mirungi huzisukuma chembe zitoe dopamini kupita kawaida. Zikitumiwa mara kwa mara, ubongo hupunguza mwitikio wake, na mambo yaliyokuwa yakifurahisha, kama mchezo au hadithi, huonekana chapwa. Ubongo wa kijana, ambao bado unakua, umo katika hatari zaidi. Wanafunzi wa madarasa ya juu waelezwe hivyo waziwazi, bila vitisho.

Mwalimu hawezi kupima dopamini darasani, wala haimpasi. Lakini kila siku huchagua kati ya kununua usikivu wa watoto na kuamsha udadisi wao. Usikivu ulionunuliwa hudai bei mpya kila wiki. Udadisi ulioamshwa mtoto huenda nao nyumbani.