Wekundu wa nyama si kipimo cha ubora wake

MNUNUZI wa nyama mjini hununua kwa macho. Husimama mbele ya bucha, akatazama mapaja yaliyotundikwa nyuma ya kioo, kisha akaonyesha kwa kidole pale palipo pekundu zaidi. Akikatiwa upande mwingine ulioingia weusi au ukahawia, hulalamika kwamba anauziwa nyama ya juzi. Ni wachache wanaouliza ng'ombe alichinjwa lini, alitoka wapi, au muhuri wa mkaguzi uko wapi.

Wenye bucha wanajua tabia hiyo, na baadhi yao wanaitumia vibaya. Lakini je, rangi hiyo tunayoipenda hutuambia nini hasa kuhusu nyama?

Watafiti wa nyama wamelichunguza swali hili kwa miaka mingi, na jibu lao huenda likawashangaza wengi. Rangi ya nyama dukani hueleza zaidi jinsi nyama hiyo ilivyokutana na hewa na mwanga. Kuhusu ulaini wake haisemi mengi, na kuhusu usalama wake husema machache zaidi.

Kwanza, wekundu huo si damu. Damu nyingi humtoka mnyama anapochinjwa. Kinachoipa nyama rangi ni protini iitwayo mayoglobini, ambayo kazi yake ni kuhifadhi oksijeni ndani ya misuli, na katikati yake mna chembe ya madini ya chuma. Mwanasayansi John Kendrew wa Cambridge, Uingereza, ndiye aliyefumbua umbo lake mwishoni mwa miaka ya 1950, akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1962 pamoja na mwenzake Max Perutz. Alitumia nyama ya nyangumi. Mnyama huyo hukaa chini ya maji kwa muda mrefu bila kuvuta pumzi, kwa hivyo misuli yake imejaa mayoglobini hadi ikawa nyeusi.

Protini hiyo ina rangi tatu. Ndani ya nyama, mahali ambapo hewa haijafika, rangi yake ni ya zambarau. Kisu kikipita na hewa ikaingia, kwa muda wa nusu saa hivi sehemu hiyo hugeuka kuwa nyekundu ya kung'aa. Baada ya saa kadhaa au siku kadhaa, ikitegemea baridi na mwanga, chuma kile hubadilika kwa namna iliyo na undugu na kutu ya panga, na nyama huwa ya kahawia.

Mabadiliko haya hutokea hata kwenye nyama safi kabisa. Vipande viwili vikilaliana kwenye karatasi, pale vilipogusana huwa na rangi ya kahawia au zambarau kwa sababu ya uhaba wa hewa. Mnunuzi akifika nyumbani na kufungua, hudhani amechanganyiwa nyama kuukuu chini na mpya juu. Pengine amechanganyiwa kweli, lakini rangi hiyo pekee si ushahidi. Vivyo hivyo nyama iliyofungwa kwenye plastiki iliyoondolewa hewa huonekana ya zambarau, na wengi huiacha ilhali haina kasoro.

Isitoshe, misuli ya ng'ombe mmoja haifanani. Sarara, au fileti kama inavyoitwa mjini, ndiyo laini kuliko zote na ndiyo ghali. Lakini hiyo hiyo ni miongoni mwa zinazopoteza wekundu upesi mno. Nyama ya mgongoni iliyo jirani yake hubaki nyekundu kwa siku zaidi ingawa ni ngumu kidogo. Anayechagua kwa rangi pekee siku ya pili ya maonyesho ataacha iliyo laini na kubeba iliyo ngumu.

Wataalamu wanaopima mambo haya hawategemei macho pekee. Huweka vipande vya nyama kwenye friji zenye taa kama za dukani, wakavipima kila siku kwa chombo kinachotoa mwanga na kusoma kiasi kinachorudishwa. Chombo hutoa tarakimu tatu: ya weupe na weusi, ya wekundu na kijani, na ya manjano na samawati. Tarakimu ya wekundu ikishuka, nyama imeanza kuchakaa machoni. Kando ya chombo huwekwa watu waliofunzwa kutazama, kwa maana hatimaye mwenye pesa ni mtu. Shirika la wanasayansi wa nyama nchini Marekani lilitoa mwongozo wa vipimo hivi mwaka wa 1991 na kuurekebisha mwaka wa 2012.

Lakini jaribio linalotuhusu zaidi ni lile la Chuo Kikuu cha Utah State, Marekani, lililochapishwa mwaka wa 2001. Watu walionyeshwa nyama nyekundu, ya zambarau na ya kahawia, wakaulizwa wangenunua ipi. Nyekundu iliongoza, zambarau ikafuata na kahawia ikawa ya mwisho. Kisha walipewa nyama iliyopikwa waonje, wakiambiwa kwamba ni ile ile waliyoiona. Kumbe wote walilishwa nyama ya aina moja isiyofanyiwa lolote. Walipotoa alama za utamu, hapakuwa na tofauti. Rangi iliamua watakachonunua, ila haikubadilisha walichoonja.

Hasara ya mapenzi haya si ndogo. Nchini Marekani ilikadiriwa mwaka wa 2000 kwamba takriban asilimia 15 ya nyama ya ng'ombe madukani hupunguzwa bei kwa sababu tu imebadilika rangi, hasara ya karibu dola bilioni moja kwa mwaka. Mwuzaji anayeona hasara kama hiyo ikimjia atatafuta dawa, na si kila dawa ni halali.

Wakenya walilikumbuka hilo Julai 2019, wakati kituo cha NTV kilipotangaza uchunguzi wake kuhusu baadhi ya maduka makubwa kutia nyama kemikali iitwayo sodiamu metabaisulfaiti ili isipoteze wekundu. Kilio kikubwa kilizuka. Kemikali hiyo si ngeni katika vyakula. Hutumiwa kwa vipimo maalum kwenye matunda yaliyokaushwa na mvinyo. Kwenye nyama mbichi ni jambo jingine. Huirudishia nyama iliyoanza kuwa ya kahawia wekundu wake, kwa hivyo mnunuzi hudhani ni ya leo. Huharibu vitamini B1, ambayo nyama inapaswa kutupatia. Na kwa baadhi ya wagonjwa wa pumu, inaweza kuwaletea shambulio la kubanwa na kifua. Ni kwa sababu kama hizo Marekani imeipiga marufuku kwenye nyama.

Hapa Kenya, Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kuuza chakula chenye kitu cha kudhuru. Pia inakataza kukitengeneza chakula kwa namna ya kumhadaa mnunuzi kuhusu ubora wake. Kifungu hicho cha pili, kwa maoni ya mwandishi huyu, kingestahili kusomewa pia wale wanaotundika balbu nyekundu juu ya nyama. Balbu haina sumu, lakini kazi yake ni ile ile. Nyama ya kahawia chini ya taa ya waridi huonekana kana kwamba imechinjwa alfajiri. Dawa yake haigharimu kitu: omba kipande chako kiletwe mlangoni, kwenye mwanga wa jua, kabla hakijakatwakatwa.

Kuna pia ujanja wa hewa, ambao nchi nyingine huuruhusu. Nyama hufungwa kwenye pakiti iliyojazwa oksijeni nyingi, kama asilimia 80, ikabaki nyekundu siku nyingi, ingawa uchunguzi umeonyesha kwamba huelekea kuwa ngumu zaidi na mafuta yake huvunda mapema. Wengine hutia hewa ya kaboni monoksaidi kidogo sana. Norwei iliitumia tangu 1985 hadi 2004, ilipolazimika kufuata kanuni za Ulaya na kuiacha. Lalamiko kubwa dhidi ya hewa hiyo ni kwamba nyama hubaki nyekundu hata baada ya kuoza, na mnunuzi hupoteza dalili ndogo aliyokuwa nayo.

Je, rangi haina maana yoyote basi? La, kuna wakati husema kweli. Ng'ombe wengi wanaoliwa Nairobi husafirishwa kwa lori kutoka mbali, Garissa, Isiolo, Marsabit na kwingineko, wakiwa wamesimama kwa saa nyingi bila malisho wala maji ya kutosha. Mnyama mwenye afya huwa na sukari ya akiba ndani ya misuli, iitwayo glikojeni. Baada ya kuchinjwa, sukari hiyo hugeuka kuwa asidi, na kipimo cha pH hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5. Aliyechoka, kuogopa au kupigana na wenzake njiani huwa ameimaliza akiba. pH yake hubaki juu ya 6, na nyama hutoka nyeusi, ngumu kuguswa na yenye kunata.

Nyama hiyo haina sumu, ila bakteria huipenda kwa sababu haina asidi ya kutosha kuwazuia, kwa hivyo huoza upesi kuliko nyingine. Mnyama aliyepumzishwa na kunyweshwa kabla ya kuchinjwa hutoa nyama bora, na hili wafanyabiashara wa mifugo wangelizingatia, wasingehitaji balbu wala kemikali.

Hata hivyo, usiikatae kila nyama nyeusi. Fahali mzee ana mayoglobini nyingi kuliko ndama. Na nyama iliyochinjwa usiku na kuuzwa asubuhi ingali na joto, kama ilivyo desturi katika bucha zetu nyingi, kwa kawaida huwa nyeusi kiasi kwa sababu misuli yake ingali ikitumia oksijeni inayoingia. Mafuta ya manjano nayo hutokana na majani aliyokula ng'ombe.

Hatari kubwa zaidi ya kuamini rangi iko jikoni. Mwaka wa 1993, magharibi mwa Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua na watoto wanne wakafa baada ya kula nyama ya kusaga ambayo haikuiva vizuri, iliyokuwa na bakteria aina ya E. koli O157. Wakati huo wapishi wengi waliamini kwamba nyama ikishageuka kahawia imeiva. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kipande kimoja kati ya vinne hugeuka kahawia kabla ya kufikia joto la kuua viini. Nyama ambayo mayoglobini yake imeanza kuathiriwa na hewa hubadilika mapema, hata kwenye nyuzi 55 za Selisiasi, ilhali ya kusaga huhitaji nyuzi 71. Mwaka wa 1997 wizara ya kilimo ya nchi hiyo iliacha kuwashauri wapishi kutegemea rangi, ikawaambia watumie kipimajoto.

Ajabu ni kwamba ile nyama iliyojazwa oksijeni ili ipendeze dukani ndiyo hukimbilia kuwa kahawia kwenye kikaango. Nayo ile nyeusi ya ng'ombe aliyechoka hufanya kinyume, hubaki na wekundu ndani hata ikiwa imeshaiva.

Kwa mnunuzi, muhuri wa mkaguzi kwenye paja una thamani kuliko rangi, kwa kuwa mkaguzi huangalia maradhi kama kimeta na mabuu ya tegu, ambayo mtu wa kawaida hawezi kuyatambua kwa kutazama bucha. Baada ya muhuri, tumia pua na vidole. Nyama inayotoa harufu kali au ya uchachu, au inayoteleza kwa utelezi, irudishe hata ikiwa nyekundu kama nyanya. Harufu ya kiberiti kilichowashwa yapasa kukutia shaka ya kemikali. Chunguza pia kama bucha ina nzi na kama friji inapoa kweli.

Nyama ya kusaga ichaguliwe ikiwa kipande, kisha isagwe ukiona, kwa sababu kusaga huingiza ndani bakteria waliokuwa juu. Ipikwe siku hiyo hiyo, na iwapo huna kipimajoto, iache motoni zaidi ya pale inapopoteza wekundu, hadi iwe moto kabisa katikati na mvuke utoke ukiipasua.