Amana ya gari la kukodi: Ni nani athibitishe mkwaruzo?

MIGOGORO mingi kati ya wenye magari ya kukodisha na wateja wao huzuka saa ile ile moja: gari linaporudishwa. Mteja ana haraka ya kwenda zake. Mwenye gari, au kijana wake, analizunguka gari kwa mwendo wa pole, anainama karibu na bampa, kisha anauliza, “Na hapa je?” Kuanzia hapo, fedha zilizowekwa kama amana huanza kuyeyuka.

Mkwaruzo wenyewe aghalabu si jambo kubwa. Kinachogombaniwa ni asili yake: ulikuwapo gari lilipotoka, au ulipatikana safarini? Anayeweza kulijibu swali hilo kwa ushahidi ndiye mwenye nguvu. Ole wao wote wawili iwapo hakuna aliye na jibu, na jinsi biashara hii inavyoendeshwa katika miji yetu, hiyo ndiyo hali ya kawaida.

Tuchukue mfano wa mtu anayekodi gari dogo jijini Nairobi ili awapeleke wazee Murang’a kwa shughuli ya mahari. Analipa ada ya siku mbili pamoja na amana ya Sh20,000 kwa M-Pesa, anatia saini karatasi yenye herufi ndogo, anakabidhiwa ufunguo. Ni alfajiri, giza halijapambazuka, na wazee wanasubiri. Analirudisha Jumapili usiku na kumwachia bawabu ufunguo. Jumatatu anapigiwa simu: bampa ya nyuma imekwaruzwa, rimu moja imepinda, na gari litakaa karakana siku nne bila kuingiza chochote. Anaambiwa hasara ni Sh38,000. Amana imekwisha, na bado anadaiwa Sh18,000.

Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 107, inasema wazi kwamba anayetaka mahakama imtambulie haki kutokana na jambo analolidai ndiye mwenye jukumu la kulithibitisha. Kwa kanuni hiyo, mwenye gari ndiye angepaswa kuonyesha kwamba bampa ilikuwa nzima. Lakini amana huigeuza hali hiyo kimatendo. Mwenye gari hana haja ya kumshtaki mtu ilhali fedha tayari ziko mfukoni mwake. Anayelazimika kugonga mlango wa mahakama ni mteja, na wengi huhesabu nauli na siku za kazi watakazopoteza, wakaamua kusamehe.

Kuna kanuni nyingine ambayo mahakama zetu zimeirithi kutoka sheria ya kawaida ya Uingereza, na yafaa mteja aijue kwa kuwa haimwelemei mwenye gari peke yake. Mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine akaipokea ikiwa nzima, kisha akairudisha ikiwa imeharibika, ndiye hutakiwa kueleza kwamba uharibifu haukutokana na uzembe wake. Kwa hivyo kila kitu kinategemea hali ya gari wakati ule wa kukabidhiana. Mwenye gari akiweza kuithibitisha, mzigo unamhamia mteja. Asipoweza, dai lake halina pa kusimamia.

Ndiyo maana dakika kumi za kulikagua gari kabla ya kuliondoa zina thamani kuliko mabishano ya wiki nzima baadaye. Kampuni zilizo makini huwa na fomu yenye mchoro wa gari ambapo kila mbonyeo hutiwa alama na pande zote mbili hutia saini. Pasipo fomu, simu ya mkononi inatosha. Piga video ukilizunguka gari lote: paa, sehemu ya chini ya bampa, rimu zote nne, kioo cha mbele, vioo vya pembeni, tairi la akiba na jeki, kiwango cha mafuta na kilomita zilizoandikwa. Kisha mtumie mwenye gari picha hizo papo hapo, kabla hujang’oa nanga, ili saa na tarehe zibaki katika simu zote mbili. Sheria zetu zinakubali ushahidi wa kielektroniki. Fanya vivyo hivyo unapolirudisha, na ulirudishe mchana. Kumwachia bawabu ufunguo usiku ni kumpa mwenye gari fursa ya kulikagua peke yake.

Tuseme sasa imekubalika kwamba mkwaruzo ni wa mteja. Swali la gharama lingali wazi. Fidia hukusudiwa kumrejesha mtu alipokuwa, si kumtajirisha. Gari la miaka kumi na mitano lililokuwa na bampa iliyochakaa halistahili bampa mpya kwa fedha za mteja, hasa wakati ambapo maduka ya Barabara ya Kirinyaga yamejaa vipuri vilivyotumika. Mteja ana kila sababu ya kuomba makadirio ya karakana yaliyoandikwa, na kazi ikiisha, risiti. Bila risiti, hakuna kinachozuia mkwaruzo ule ule usiorekebishwa kulipiwa na mteja wa leo, wa kesho na wa mtondo. Tairi lililolika kwa matumizi ya kawaida nalo si deni la mtu aliyelitumia kwa siku mbili.

Zile siku nne za karakana ndizo hukuza dai kupita kiasi. Mapato yaliyopotea ni hasara halali iwapo kweli yalipotea. Ikiwa gari halikuwa na mteja mwingine, au kazi ya saa sita ilisubirishwa siku nne, dai linapungua. Na pale mkataba unapotaja faini maalumu, kwa mfano kwa kuchelewa, mahakama huuliza kama kiasi hicho ni makadirio ya haki ya hasara au ni kitisho tu. Kipimo hicho kilielezwa katika kesi ya kampuni ya Dunlop iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1914, ambayo, kwa sadfa, ilihusu matairi.

Wateja wengi hudhani bima itawaokoa. Bima ya lazima chini ya Sura ya 405 inahusu vifo na majeraha ya watu wengine. Bampa ya gari lenyewe haimo. Hata bima kamili humwachia mwenye gari sehemu ya kwanza ya hasara, ambayo mkataba wa kukodi humtwika mteja. Kuna hatari iliyo kubwa zaidi. Gari lililokatiwa bima kwa matumizi ya kibinafsi huenda lisifidiwe likipata ajali likiwa limekodishwa, na hapo mwenye gari humgeukia mteja kwa hasara yote. Swali la kuuliza kabla ya kulipa ni moja: je, bima hii inatambua kukodisha?

Na saini je? Kwa kawaida aliyetia saini hufungwa nayo, awe amesoma au hakusoma. Hata hivyo kanuni hiyo ina mipaka. Mwaka 1978, Mahakama ya Rufaa ya Ontario, nchini Canada, iliamua kesi ya kampuni ya kukodisha magari ya Tilden dhidi ya mteja aliyetia saini kwa haraka katika uwanja wa ndege wa Vancouver, baada ya kulipa ada ya ziada ili asidaiwe uharibifu. Nyuma ya karatasi kulikuwa na masharti makali yaliyoifuta kinga hiyo. Mahakama ilikataa kuyatekeleza kwa sababu kampuni haikufanya juhudi za kutosha kumwonyesha. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, ila unaweza kutajwa mbele yake. Humu nchini, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji na kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, nayo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inataka maneno ya mkataba yenye utata yafasiriwe kwa manufaa yake.

Mteja asiyeridhika aanze kwa barua au ujumbe wa maandishi akitaka mchanganuo wa makato. Akipuuzwa, anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, au kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021 chini ya sheria ya 2016. Mahakama hiyo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya fedha zinazozuiliwa na mwingine, na sheria inaitaka iamue katika siku 60. Si lazima kuwa na wakili, na haifungwi na taratibu ngumu za ushahidi. Mwenye gari anayeamini kwamba hasara yake inapita amana anaweza kuwasilisha dai lake katika kesi hiyo hiyo, na hapo ndipo atakapotakiwa kutoa picha na risiti zake.